"Hakuna Kinachofaa": Uhakiki wa Nadharia Moja ya Magereza

Mwanafunzi anayesomea urekebishaji wa wafungwa na haki jinai hukutana mapema na jina la Robert Martinson, mtaalamu wa elimu-jamii wa Marekani. Makala yake mashuhuri yalitoka mwaka 1974 katika jarida la The Public Interest. Yaliuliza swali moja: katika kazi ya kumrekebisha mfungwa, kipi kinafaa? Jibu lililoenea vyuoni na mabungeni lilikuwa fupi: hakuna. Madhumuni ya uhakiki huu ni kuonyesha kwamba jibu hilo lilipita mbali kuliko ushahidi, na kwamba lilienea kwa sababu lilikidhi haja ya waliolitumia.

Kwanza, hatuna budi kutazama mazingira ya kazi yenyewe. Ilianzia katika kamati iliyoundwa na gavana wa New York mwaka 1966. Martinson na wenzake, Douglas Lipton na Judith Wilks, walichambua tafiti 231 za miaka ya 1945 hadi 1967 kuhusu masomo, mafunzo ya ufundi, ushauri na uangalizi wa waliofunguliwa. Ripoti ilipokamilika, wakuu wa jimbo hawakutaka itoke. Ilijulikana baada ya wakili mmoja kuidai mahakamani kama ushahidi.

Katika jimbo hilo hilo, Septemba 1971, wafungwa wa gereza la Attica waliasi. Humo mfungwa alioga mara moja kwa juma na kupewa karatasi ya chooni msokoto mmoja kwa mwezi. Miongoni mwa madai yao yalikuwamo elimu bora, matibabu na ujira wa haki. Jimbo lilijibu kwa risasi. Watu 43 walikufa katika mkasa huo, wakiwamo askari na watumishi wa gereza walioshikwa mateka na kuuawa kwa risasi za waliokuja kuwaokoa. Tunaambiwa kwamba urekebishaji ulijaribiwa ukashindwa. Je, ni urekebishaji gani uliojaribiwa mahali pa namna hiyo? Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Na gereza likishindwa kazi yake husingizia tabia ya mfungwa.

Pili, tusimfanye Martinson kuwa adui. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa waliosafiri kwenda kusini mwa Marekani kupinga ubaguzi katika mabasi, akafungwa katika gereza la Parchman, Mississippi. Alikuwa na sababu ya kuushuku urekebishaji uliohubiriwa. Kwa jina hilo mahakama za California ziliweza kutoa kifungo kisicho na kikomo, na mfungwa akangojea bodi iamue kama amepona. George Jackson alihukumiwa kifungo cha kuanzia mwaka mmoja hadi maisha kwa wizi wa dola 70. Alikaa gerezani zaidi ya miaka kumi, akauawa humo kwa risasi Agosti 1971. Martinson alitumaini kwamba kuufichua ulaghai huu kungepunguza magereza.

Tatu, tuupime ushahidi. Makala yenyewe yalisema kwamba, isipokuwa mifano michache, juhudi zilizoripotiwa hazikuonyesha athari kubwa katika kuzuia watu kurudia makosa. Aidha, yalikiri kwamba huenda tafiti zenyewe zilikuwa na kasoro. Kusema "haijathibitishwa" si sawa na kusema "haiwezekani". Mwaka 1975 mtafiti Ted Palmer alipitia tena tafiti zilizotajwa katika makala hayo, akaonyesha kwamba karibu nusu yake zilikuwa na matokeo mazuri kwa baadhi ya wafungwa. Swali sahihi basi ni: kipi kinamfaa nani, na katika hali gani? Mwaka 1979 Martinson mwenyewe aliandika kwamba baadhi ya mipango inafaa, akayaondoa maneno yake ya awali. Alifariki mwaka huo huo. Masahihisho yake hayakupata wasikilizaji.

Kwa nini kauli ya 1974 isikike na ya 1979 isisikike? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ya kwanza ilimpa kila mwenye madaraka alichokitaka. Aliyechoka na gharama za walimu gerezani alipata hoja, na aliyetaka vifungo virefu alipata hoja pia. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilifuta parole kwa wafungwa wa serikali kuu, na sheria ikatamka kwamba kifungo si njia ifaayo ya kumrekebisha mtu. Mantiki ingedai basi kwamba watu wachache wafungwe. Kilichotokea ni kinyume. Wafungwa wa majimbo na serikali kuu, ambao mwaka 1972 hawakufikia 200,000, walizidi 1,600,000 mwaka 2009. Mwaka 1994 wafungwa walinyimwa misaada ya karo ya serikali kuu, wasiirudishiwe kikamilifu hadi Julai 2023. Hatusemi kwamba makala moja ndiyo yaliyojaza magereza. Vita dhidi ya dawa za kulevya, ubaguzi na siasa za kutafuta kura vilifanya kazi hiyo. Makala yaliwapa wahusika joho la kitaalamu.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Tangu mwaka 1968 serikali ya Marekani ililipia masomo ya polisi na askari magereza, na idara za haki jinai zikaongezeka haraka. Kumsomesha askari ni jambo jema. Lakini mwaka 1976 Chuo Kikuu cha California kilifunga shule yake ya elimu ya uhalifu huko Berkeley, ambako baadhi ya walimu na wanafunzi walihoji sheria inamtumikia nani. Somo linalofundisha kuendesha gereza bila kuuliza gereza ni la nini hutoa mameneja wa funguo.

Tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa ng'ambo tu. Sheria yetu ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 ilimpunguzia hakimu uhuru wa kupima, ikaamuru kifungo na viboko 24 kwa makosa kadhaa, nusu mkosaji akiingia gerezani na nusu akitoka. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 ilifuata mkondo mwingine: mwenye kosa dogo aweza kufanya kazi ya manufaa kwa umma huku akilala kwake. Kila sheria ina jibu lake juu ya mkosaji ni nani na anaweza kuwa nani.

Kwa hiyo, mwanafunzi anapoletewa utafiti wowote juu ya wafungwa, aulize: Ni nani waliochunguzwa? Walipewa nini hasa, si waliahidiwa nini? Kufaulu kulipimwa kwa kipimo gani, wakati kukamatwa tena kunategemea pia polisi wanamwinda nani? Na matokeo yanatumiwa na nani? Asiyeuliza maswali haya atafaulu mtihani, kisha atakabidhiwa watu. Makosa yake yatahesabiwa katika miaka ya maisha ya wengine.