"Mother India": Deni, Daftari na Mkulima

Kwa muda mrefu makada wengi wamezitazama sinema za Kihindi kwa jicho la mashaka, na mashaka hayo yana msingi. Sinema ni zao la kiwanda, na kiwanda kina mwenyewe, ambaye hutafuta faida kabla ya jambo jingine lolote. Mwenye kiwanda anajua kwamba mnyonge aliyechoka hununua tiketi ili asahau taabu zake kwa saa chache. Ndiyo maana katika nyingi za sinema hizo maskini huimba bustanini, humwoa binti wa tajiri, na matabaka yaliyokuwa yakipingana hupatana kwenye karamu ya harusi. Hiyo ni kasumba, na mwalimu wa siasa ana wajibu wa kuitaja kwa jina lake.

Kwa hiyo vijana wa darasa letu hapa Samuye walipopendekeza tuitazame na kuijadili "Mother India", mwandishi wa makala haya alikwenda akiwa na daftari la kuandikia mapingamizi. Sinema hiyo ya mwaka 1957 ni kazi ya Mehboob Khan, na mhusika wake mkuu, Radha, ameigizwa na Nargis. Ni ndefu, karibu saa tatu, na ina nyimbo nyingi. Lakini kanuni ya uhakiki ni kukichunguza kitu chenyewe, wala si jina kilichobandikwa. Tuliichunguza, na tuliipenda. Inafaa kueleza sababu.

Kwanza, sinema hii inaonyesha unyonyaji jinsi unavyofanya kazi. Radha anaolewa, na mama mkwe wake anakopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili kugharimia harusi. Mama huyo hajui kusoma. Ugomvi unapozuka juu ya masharti ya mkopo, wazee wa kijiji wanaamua kwa faida ya mkopeshaji. Tangu siku hiyo robo tatu ya mavuno ya familia inakwenda kwa Sukhilala kama riba, na deni lenyewe liko pale pale. Tuangalie vizuri: hapakutumika bunduki wala mjeledi. Karatasi ilitosha, na uamuzi ulitolewa hadharani, mbele ya watu wanaoheshimika.

Mkulima wa pamba wa Usukuma hahitaji mkalimani kulielewa jambo hilo. Kabla ya Uhuru wazee wetu walipeleka pamba kwa wanunuzi binafsi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mkulima alilima, akapalilia, akavuna, lakini uzito wa jasho lake ulisemwa na mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa waliweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki mizani, wakajenga vyama vyao, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Daftari la Sukhilala na mizani ya mnunuzi wa pamba ni chombo kimoja: kipimo kilichoshikwa na yule anayefaidika na kipimo.

Pili, sinema hii inaiheshimu kazi. Mume wa Radha anapondwa mikono na jiwe kubwa wakati wakifyeka ardhi ngumu, kisha anaondoka nyumbani kwa fedheha. Mama anabaki na watoto, anavuta jembe la kukokotwa kwa mabega yake mwenyewe, anapatwa na mafuriko na njaa, na bado anakataa kuuza utu wake kwa mkopeshaji anayemtaka. Wanawake wa mkoa wetu walioshika jembe tangu alfajiri watajitambua humo. Hata nyimbo, ambazo tulitazamia kuwa urembo mtupu, nyingine zinaimbwa shambani na zinakwenda pamoja na kazi.

Hata hivyo, kupenda si kufumba macho. Mtoto wa Radha, Birju, anaona wazi adui ni nani, lakini anachagua njia ya jambazi. Anamwua Sukhilala, anazitwaa tena bangili za mama yake, kisha anamteka binti wa mkopeshaji siku ya harusi. Mama yake anampiga risasi ili kulinda heshima ya kijiji. Mkopeshaji amekufa, je, ukopeshaji umekufa? Sinema hailijibu swali hilo. Katika habari yote wakulima hawakai hata mara moja kuunda chama chao. Mwishoni maji ya mfereji mpya yanafika mashambani, lakini hatuambiwi ni nani atakayeshika daftari la mavuno yajayo.

Sinema yetu ya "Fimbo ya Mnyonge", iliyotengenezwa na Kampuni ya Filamu Tanzania katika miaka ya 1970, ilikuja na jibu: kijiji cha ujamaa. "Mother India" inakuja na swali. Kada anayebeba jibu bila swali huhubiri tu. Historia yetu wenyewe inatufundisha hivyo, kwani hata ushirika si dawa inayojitosheleza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi yao kupewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika vipindi vyote hivyo mkulima alikuwa na swali lile lile: nani anapima, nani anaandika, na nani anaruhusiwa kukagua?

Leo Sukhilala havai kilemba. Wananchi wameipa mikopo yake jina kamili, "kausha damu". Mkopaji anaacha kadi yake ya benki au hati ya kiwanja, anatia sahihi karatasi ambayo hakuisoma, na baada ya miezi michache amelipa mara nyingi kuliko alichopokea. Darasa juu ya riba, likitolewa kwa maneno ya vitabuni, huwafanya vijana wasinzie. Baada ya sinema hii mjadala uliendelea hadi usiku, na walioongea zaidi ni wale ambao kwa kawaida hukaa nyuma kimya.

Kwa hiyo wakufunzi wa elimu ya siasa wasiiache sinema hii kwa mabanda ya video peke yake. Waionyeshe nzima, pamoja na nyimbo zake, kisha waulize mambo matatu: Deni lilianzaje? Kwa nini wazee wa kijiji walimpa haki mkopeshaji? Wanakijiji wangefanya nini kwa pamoja kabla Birju hajashika silaha? Swali la tatu ndilo zito, na jibu lake lianzie kwenye daftari la chama cha msingi cha kijiji chao wenyewe, lililofunguliwa mbele ya wanachama wote.