Maneno Yanayobaki Nyumbani: Juma Moja na Sauti ya Ujerumani



Mgeni akiingia nyumbani kwako mara tatu kila siku, akazungumza na wazee, na mke, na watoto, bila shaka utataka kujua ametoka wapi, ametumwa na nani, na akishaondoka ameacha nini. Redio ya nchi za nje ni mgeni wa namna hiyo. Kwa miaka mingi ameingia katika nyumba za Pwani, tangu Maili Moja na Mlandizi upande wa Kibaha, hata Masaki na Maneromango upande wa Kisarawe. Ameingia kwa masafa mafupi, sauti ikipanda na kushuka kama wimbi, na waya wa antena ukifungwa kwenye mwembe ili asikike vizuri. Wengi wamempokea kwa furaha. Waliokaa wakampima ni wachache.

Katika makala haya twataka kumpima mmoja wao, nayo ni Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, Sauti ya Ujerumani. Tutaupitia mpangilio wa juma lake moja, kama ulivyokuwa katika miaka ambayo masafa mafupi yalikuwa bado njia kubwa ya kuisikia. Hatukusudii kuisifu kwa kuwa imetoka Ulaya, wala kuitukana kwa sababu hiyo hiyo. Mizani yetu ni moja tu: maneno gani inayaacha nyumbani?

MGENI HUYU NI NANI?

Idhaa hii ilianza kusikika Februari 1963. Makao yake yalikuwa Cologne, kisha mwaka 2003 yakahamia Bonn. Kwa muda mrefu sauti yake ilifika kwetu kwa nguvu kupitia mitambo ya Kigali, Rwanda, mpaka mitambo ile ilipofungwa Machi 2015. Leo wengi huipata kwa redio za FM zinazoshirikiana nayo na kwa simu za mkononi. Hivyo mgeni amebadili mlango, lakini hajaacha kuja.

Fedha zake hutoka katika hazina ya serikali ya Ujerumani, na sheria inayoiongoza yaitaka iijulishe dunia kuhusu Ujerumani, utamaduni wake na siasa yake. Hilo si siri, wala si aibu. Kila mwenye redio ana haja yake. Aibu ni ya msikilizaji anayesahau kwamba mwenye redio ana haja.

Watu wa Kibaha wana mfano ulio karibu nao. Katika mwaka ule ule wa 1963 nchi za Nordiki zilianza pale mradi wa elimu, afya na kilimo. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kazi iliyoanzwa na wageni ikaingia mikononi mwa wenyeji. Redio ya nje haiwezi kukabidhiwa hivyo. Hata ikisema Kiswahili kitamu namna gani, kalamu ya mwisho imebaki kwa mwenyewe.

NYAKATI ZAKE NA NYAKATI ZA SALA

Idhaa ilikuwa ikisikika saa 12 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, kila mara kwa muda wa saa moja. Matangazo ya asubuhi yalimkuta Mwislamu amekwisha kusali Alfajiri. Ya mchana yalimkuta Adhuhuri imekwisha kuingia, na mwenye bidii amekwisha kusali. Lakini ya jioni yalikuwa mtihani. Kibaha na Kisarawe jua halizami kabla ya saa 12 jioni, wala halichelewi mpaka saa 1 usiku. Kwa hiyo mwaka mzima, kiangazi na masika, adhana ya Magharibi iliangukia ndani ya saa ile ile ya matangazo.

Hatusemi kwamba mtu wa Bonn alikusudia hivyo. Yeye alitazama saa yake, na saa yake haina Magharibi. Hili ni jambo dogo lenye fundisho kubwa: ratiba ya mgeni haikupangwa kwa ajili ya nyumba yako. Wakati wa Magharibi ni mfupi, na habari ya Baraza la Usalama hata ikikupita leo utaisikia kesho. Mzee aliyezima redio muadhini aliposema neno la kwanza, aliwafundisha watoto wake jambo ambalo hakuna mtangazaji angeweza kuwafundisha.

JUMA LENYEWE

Tuanze na yaliyo mema, kwani insafu ni katika dini.

Taarifa ya habari ya idhaa hii ilisomwa kwa utulivu, na ripoti zilitoka kwa waandishi walioko Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Kampala na Goma. Kiswahili chake kilikuwa chenye adabu. Si ajabu, kwa kuwa watangazaji wake kadhaa walikuwa wana wa Zanzibar na Pwani, kama Othman Miraji. Wapo vijana wengi wa Mkoa wa Pwani waliojifunza kutamka vizuri zaidi mbele ya redio kuliko mbele ya ubao.

Katika vipindi vya juma, kile cha Kinagaubaga kilitupendeza kwa jina na kwa mwendo. Mtu mmoja huketishwa na kuulizwa kwa kirefu, mpaka aliyonayo yatoke. Sisi tuliolelewa katika elimu ya Hadithi twajua thamani ya kusikia neno kutoka kwa mwenye neno, na kujua nani amelipokea kwa nani. Habari isiyo na isnadi ni upepo.

Mbiu ya Mnyonge kilikuwa kipindi cha haki za watu wa chini. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na hapa mbiu alipewa yule ambaye kwa kawaida huamriwa anyamaze. Kipindi cha Mtu na Mazingira nacho, kikizungumza juu ya misitu ya dunia, kilimgusa mtu wa Kisarawe bila ya kumtaja, kwa kuwa misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeliwa na tanuri za mkaa mbele ya macho yake.

Maoni Mbele ya Meza ya Duara hakikufikia daraja hiyo. Waalikwa wake aghalabu walikuwa wachambuzi, wanasiasa na waandishi wa habari. Walijua kusema, lakini mengi waliyoyasema walikuwa wameyasoma. Bei ya korosho inajadiliwa na mtu asiyewahi kuokota korosho! Meza ikiwa duara maana yake haina kichwa wala mkia, na kila aketiye ni sawa na mwenzake. Basi ingefaa mara moja moja kiti kimoja apewe mkulima wa Maneromango.

Mwaka 2008 idhaa ilileta Noa Bongo, Jenga Maisha Yako, michezo ya redio na makala fupi kwa vijana, kila sehemu kama dakika 10, kwa fedha za Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani. Mafunzo hayo yalitangazwa kwa lugha 6, Kiswahili ikiwa mojawapo. Yalihusu afya, kazi, elimu na haki za wasichana. Mchezo ulichezwa vizuri, na kijana alisikiliza bila ya kujiona anahubiriwa. Upungufu wake ni huu: ubaya unakatazwa kwa sababu ya hasara yake ya hapa duniani, basi. Usifanye hili utaugua, usifanye lile utafungwa. Je, yule anayedhani hataugua wala hatafungwa, atazuiwa na nini? Redio inayosema na watu wa dini zote haikuweza kulijibu swali hilo, wala hatuilaumu. Jibu ni kazi ya baba na mama, dakika 10 baada ya redio kuzimwa.

SHULE NA HELA

Sasa tuingie katika kiini cha maneno yetu. Wajerumani si wageni wapya hapa. Reli waliyoanza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilipita Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Walitawala kwa Kiswahili, wakiwatumia maakida na majumbe kukusanya kodi. Mwaka ule ule wa 1905 Vita vya Maji Maji vilizuka, na vilipozimwa serikali yao wenyewe ilihesabu waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamesema hata 300,000. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha.

Utawala ule ulikwisha katika Vita Kuu ya Kwanza. Bendera ikateremshwa, maakida wao wakaondoka. Lakini tazama kilichobaki katika kinywa cha mtoto wa Kibaha: aenda shule, na aomba hela. Shule ni Schule yao, na hela ni sarafu yao ya Heller. Sarafu yenyewe haipo tena kwa zaidi ya miaka 100, ila jina lake bado tunalo. Basi msidhani neno ni kitu chepesi. Askari huondoka na mfalme hufa. Neno hubaki.

Kwa hiyo twauliza: redio ya Wajerumani imeacha neno gani?

Yapo mema mengi. Umoja wa Ulaya, kansela, haki za binadamu, mabadiliko ya tabianchi. Hayo yamekuwa mazoea kwa mtu asiyewahi kuvuka daraja la Ruvu, na idhaa hii ina fungu lake katika mazoea hayo pamoja na wenzake wa London na Washington.

Lakini yapo mengine. Katika Tanzania, mgambo ni jirani yako. Ni kijana wa kijiji aliyefundishwa kulinda usalama, akalinda ghala na mali za watu. Idhaa za nje zikalichukua neno hilo, zikasema wanamgambo, kisha zikaongeza: wanamgambo wa Kiislamu, wanamgambo wa itikadi kali za Kiislamu. Mlinzi akageuka mshambuliaji, na ubavuni mwake pakaandikwa jina la dini yetu. Kadhalika neno jihadi. Mswahili analijua kwa ndugu yake, jitihada. Mzizi wake mmoja, maana yake kufanya bidii, na bidii kubwa ni ile ya mtu kuishinda nafsi yake. Katika taarifa za habari jihadi imebaki na maana moja tu, nayo ni bunduki.

Tusikilize pia kilichokuwa hakisemwi. Waasi wa Joseph Kony wa Uganda waliteka watoto na kuua watu miaka mingi, na kiongozi wao alidai kupigania utawala wa Amri Kumi. Redio iliwaita waasi wa LRA, na ilifanya vizuri. Haikuwaita waasi wa Kikristo, nasi hatutaki iwaite hivyo, kwa maana jirani yetu Mkristo wa Kisarawe hana hatia nao. Tunaomba kipimo kile kile. Kundi liitwe kwa jina lake, na dini iachwe na watu wake.

Mhariri atajibu: wao wenyewe ndio wanaojiita Waislamu. Ni kweli, na hatutaficha uovu wao. Wale waliowaua watu 67 katika duka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, walifanya dhuluma iliyo wazi, na Mwislamu anayetafuta udhuru wa kitendo kile ajiangalie moyo wake. Lakini Kony naye alijiita, na kujiita kwake hakukupokewa. Kwa nini la huyu lipokewe na la yule likataliwe? Mizani yenye mkono mmoja mzito haiuzi haki, hata muuzaji akiwa na sauti nzuri.

Hasara yake haiko Bonn, iko sebuleni kwako. Mtoto anayesikia mara tatu kwa siku jina la dini yake likifungwa pamoja na mauaji, hukua na mojawapo ya maradhi mawili. Ama ataionea haya dini yake, akawa ananyamaza mbele ya wenziwe, ama atadhani kwamba ukali ndio Uislamu wenyewe, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyousikia ukitajwa. Yote mawili ni maangamizi, na yote mawili yameletwa na neno.

YAPASAYO

Hatusemi redio ivunjwe. Katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuichunguza habari wanapoletewa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Hawakuamrishwa kuziba masikio. Basi nyumba ya Mwislamu iwe na desturi tatu.

Kwanza, Magharibi ikiingia, redio inyamaze, na simu pia.

Pili, baada ya habari, mzazi awaulize watoto: Nani amesema? Nani ameulizwa, na nani hakuulizwa? Waliotajwa wameitwa kwa jina gani, na sisi tungewaitaje? Maswali haya hayahitaji chuo kikuu. Bibi anayesuka ukili barazani anayaweza.

Tatu, wanaojua kuandika waiandikie idhaa, kwa adabu na kwa ushahidi, wakitaja kipindi, siku na neno lenyewe. Idhaa hii siku zote imekuwa ikiwaomba wasikilizaji maoni yao. Malalamiko ya barazani hayafiki Bonn, barua hufika.

Mgeni wetu wa juma hili ana elimu, ana adabu ya lugha, na ametufungulia dirisha kubwa. Tumshukuru kwa hayo. Lakini mgeni mwema haudhiki mwenyeji akimwambia: neno hili, ndugu yangu, usiliache humu ndani.

Wallahu a'lam.