Shaha Aliyefika Kaskazini

Kamusi nyingi zinapotaja asili ya neno hutosheka na herufi chache ndani ya mabano, nasi walimu huzipokea na kuwakaririsha wanafunzi. Twaona mtindo huo una kasoro, na mchezo wa sataranji watosha kuuumbua.

Huko Skandinavia mchezo huu huitwa skak kwa Kidenmaki, sjakk kwa Kinorwe, schack kwa Kiswidi na skák kwa Kiaislandi. Chimbuko la yote manne, twaambiwa, ni shah ya Kifarsi, yaani mfalme. Ni kweli, ila ni kweli iliyokatwa kiungoni, kwani Wafarsi hawakuwapa Waswidi neno lo lote mkono kwa mkono. Neno liliingia katika Kilatini cha Zama za Kati kwa sura ya scacci. Kisha, kama wanaisimu wengi wanavyolifuatilia, lilipokewa na Kijerumani cha kaskazini, lugha ya wafanya biashara wa bandari za Baltiki, ndipo likavuka bahari.

Asiyeonyeshwa njia hiyo hupotea upesi. Kinorwe kina neno jingine, skakk, maana yake "-liokwenda upande". Na farasi wa sataranji naye huenda kwa kupinda! Nani asingeshawishika kuyaunganisha? Kumbe hayana udugu wo wote: skakk ni mwenyeji wa kale, sjakk ni mgeni.

Majina ya kete yana utamu zaidi. Kiaislandi kimehifadhi hrókur, mjukuu wa rukh ya Kifarsi, ilhali majirani zake husema "mnara" tu. Tena yule ambaye Waaislandi humwita askofu, Wadenmaki humwita mkimbiaji. Mabano ya kamusi hayana la kutuambia hapo.

Na sisi je? Sataranji yetu ni shatranj ya Kiarabu, ambayo kwa kupitia Kifarsi yarejea kwenye chaturanga ya Kisanskriti, jeshi la vikosi vinne. Sisi tulichukua jina la mchezo. Watu wa Kaskazini wakachukua jina la mfalme wake. Lakini mfalme huyo naye alifika kwetu. Ndiye shaha, neno tulitumialo kwa mfalme wa sataranji na vile vile kwa bingwa wa malenga. Mwalimu amtajapo shaha wa malenga darasani, analitamka neno lile lile alisemalo mtoto wa Oslo anapomtishia mfalme wa mwenzake ubaoni.