Ilimba ya Umeme Ibadani

Kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Chanika amebandika pikapu kwenye ilimba yake. Mwenyewe anaiita sensa, na mzee mmoja wa kanisa akadhani ni ile ya kuhesabu watu. Ni kidude chembamba kama sarafu kinachogeuza mtetemo wa ubao kuwa umeme, kikaunganishwa na spika. Wazee wameniuliza kama inafaa ibadani.

Kabla ya kujibu nilirudi kusikiliza Assembly, albamu ya mwaka 2002 ya marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na Michael Brook wa Kanada. Brook ndiye aliyebuni gitaa ambalo saketi yake huurudishia uzi mtetemo, noti isikome. Albamu ni nzuri pale Zawose anapoachwa. Inapoyumba ni pale magitaa na mashine zinapojaza kila nafasi. Ilimba ni chombo cha noti zinazokufa: chuma kinaguswa, kinalia, kinanyamaza, na ndani ya ukimya ule kidole kingine kinajibu. Ukiuziba ukimya, umeondoa nusu ya wimbo.

Lakini sikubaliani na wanaosema chombo cha asili hakiongezewi kitu. Wagogo wenyewe hutoboa kisanduku cha ilimba na kuziba tundu kwa utando wa buibui, sauti ipate mvumo. Na kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa Konono Na. 1 alitengeneza pikapu za likembe kwa sumaku za magari chakavu, kwa sababu kelele za mji zilimfunika. Sauti ikatoka na mikwaruzo. Wakaipokea, na dunia ikaisikia mwaka 2004 katika Congotronics. Yeye hakutaka kufanana na gitaa. Alitaka asikike.

Shida ya kijana wetu iko hapo. Pikapu iliyogandishwa ubaoni husikia ubao. Ule mvumo wa utando, unaotoka hewani, inausikia kidogo sana. Jumapili ya kwanza bibi mmoja aliyehamia huku kutoka Dodoma aliniambia mlangoni, "Mchungaji, nimesikia nyumbani, ila nyumbani kuna mafua."

Nimewajibu wazee kwamba inafaa. Kijana nimemwomba aongeze maikrofoni ndogo mbele ya utando, na mpiga kinanda anyamaze beti mbili za kwanza. Mpiga kinanda hajafurahi.