Msongamano, Ujazo na Ukwangala: Uhakiki wa Maneno ya Makazi

Katika Kiswahili yapo maneno mawili yatumikayo sana kutaja hali ya nyumba nyingi kusimama mahali padogo. La kwanza ni msongamano, la pili ni ujazo. Maofisa wa ardhi hupenda la pili, nao huliandika katika ramani na matangazo ya viwanja: ujazo mkubwa, ujazo wa kati, ujazo mdogo. Raia hupenda la kwanza, hasa wapingapo mpango wasioutaka. Maneno haya hudhaniwa kuwa mamoja, na katika mabishano juu ya nyumba za gharama nafuu hubadilishana nafasi bila mtu kushtuka. Walakini si mamoja, na tofauti yake si jambo dogo. Panapoamuliwa ukubwa wa kiwanja, huamuliwa pia nani atakaa mjini na nani atasukumwa pembeni. Na uamuzi huo hutanguliwa na neno.

Msongamano hutoka katika kitenzi songa, chenye maana ya kubana na kusukuma. Kiishio chake chaonyesha watu au vitu vinavyobanana vyenyewe kwa vyenyewe. Kwa hiyo neno hili limekwisha kuhukumu kabla mjadala haujaanza. Hakuna asemaye msongamano akikusudia sifa. Ujazo hutoka katika jaa, na shuleni ndilo neno la kipimo cha nafasi iliyomo ndani ya chombo. Asemaye ujazo huitazama ardhi kama mtungi, na nyumba kama maji yamiminwayo ndani. Neno la kwanza lina watu wanaoumizana. La pili halina watu hata kidogo.

Tena lina utata wa namna yake. Kiwanja cha ujazo mkubwa ndicho kiwanja kidogo, na kiwanja cha ujazo mdogo ndicho kikubwa. Msikilizaji asiyezoea lugha ya ofisi aweza kusikia neno mkubwa akadhani anapewa eneo pana. Istilahi igeuzayo maana hivyo machoni pa mwenye haja haiwezi kusifiwa, hata kama wataalamu wenyewe huelewana kwayo.

Suala hili lina uzito wa pekee Ipinda, katika wilaya ya Kyela. Ipinda ipo kwenye uwanda wa kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika njia itokayo Kyela kwenda Matema. Ni nchi ya mpunga, kakao, migomba na michikichi. Mvua zake ni nyingi kupita sehemu nyingi za Tanzania, na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka toka milima ya Rungwe ikafurika uwandani. Kituo cha biashara kikuapo katika nchi kama hii, kila nyumba iliyojengwa mbali na mwenziwe hula shamba, na kila nyumba iliyojengwa karibu mno hukaribisha choo kwenye kisima. Hapo ndipo kiini cha mabishano: je, watu wajenge kwa kukaribiana ili mashamba yasalimike na maskini wapate pa kukaa, au watawanyike ili maji na hewa viwe safi?

Wenye kubisha juu ya jambo hili husema kana kwamba kukaa karibu karibu ni ugeni ulioletwa na mji. Historia ya uwanda huu yakataa. Joseph Thomson, aliyepita kaskazini ya ziwa mwaka 1879, alivisifu vijiji vya huko kwa usafi na unadhifu wa nyumba zake. Baada yake Godfrey Wilson na Monica Wilson walikaa kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica Wilson akatoa kitabu kiitwacho Good Company. Kitabu hicho chaeleza vijiji vya marika: wavulana wafikapo umri wa miaka kumi hivi waliondoka penye nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja pembeni, wakakua humo, wakaoa humo, hata ukafika wakati wa kizazi chao kukabidhiwa nchi. Majirani hawakuwa watu wa ukoo mmoja, bali watu wa rika moja. Nao walikaa karibu kwa kutaka, ijapokuwa ardhi ilikuwapo ya kuwatosha kutawanyika.

Sababu waliyoitoa ni ukwangala. Monica Wilson alilifanya neno hilo kuwa mhimili wa kitabu chake chote. Kwa maelezo yake, ukwangala ni kufurahia kuwa pamoja: kula na kunywa pamoja, kuzungumza kwa adabu baina ya watu walio sawa, na kusaidiana kunakozaliwa na mazoea hayo. Jina la kitabu lilikuwa jaribio la kuliweka neno hilo katika Kiingereza.

Mwanafunzi wa lugha za Kibantu hana budi kuona jambo moja ambalo jina hilo limelificha. Uku- ya Kinyakyusa ni ndugu wa ku- ya Kiswahili. Ukwangala, basi, ni kitenzi kilichosimama mahali pa jina, kama kucheza au kulima. Chataja tendo; nalo tendo lisipotendwa halipo. Jina la Kiingereza laashiria kitu kilichokwisha kupatikana, kana kwamba nyumba zikikaribiana tu wema huja wenyewe. Kosa hilo hilo hufanywa na wapangaji wa miji kwa upande mwingine: hudhani kwamba nyumba zikikaribiana ubaya huja wenyewe.

Kiswahili kina neno gani la kulingana na ukwangala? Ujirani mwema laelekea kuwa amri ya mkutano wa hadhara. Ushirika limekwisha kuchukuliwa na vyama vya mazao na madhehebu ya dini. Urafiki ni wa watu wawili watatu, si wa kijiji. Karibu zaidi ni kuzungumza katika maana yake ya zamani, iliyohifadhiwa na kamusi za kale, yaani kujifurahisha kwa maneno pamoja na wengine, si kusemezana tu. Maana hiyo imefifia tangu kitenzi hicho kilipopewa kazi ya mikutano na matangazo, walakini haijafa. Yeyote aketiye barazani jioni bila shughuli huitenda. Msamiati wa makazi haukuiona, nayo ndiyo iliyokosekana kati ya msongamano na ujazo.

Haifai, hata hivyo, kuigeuza Good Company kuwa ushahidi wa peponi. Wahakiki wa baadaye, kama Simon Charsley katika 1969 na Michael McKenny katika 1973, waliona kwamba picha ya vijiji vya marika ilinyooshwa kupita hali ya mambo. Na kitabu chenyewe, kikisomwa kwa makini, chatoa hesabu ya gharama. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Hofu ya uchawi ilikaa pale pale penye urafiki, na majirani walilindana kwa jicho lililokuwa pia jicho la kupelelezana. Mtu aliyeshukiwa alihama, na mara nyingine kijiji kizima kilihama. Zaidi ya hayo, rika lililosifiwa lilikuwa rika la wanaume. Wake waliingia humo kwa ndoa, nao ndio waliopika chakula kilicholiwa katika mazungumzo hayo mazuri. Mpangaji atakaye kuiga kijiji cha zamani hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyeketi na ni nani aliyesimama jikoni.

Lipo jambo jingine kubwa kuliko hayo. Nyumba za zamani zilikuwa za mianzi na udongo. Ziliweza kuachwa na kujengwa tena penginepo. Ukaribu wa namna hiyo ulikuwa na mlango wa kutokea. Nyumba ya tofali na bati haihami. P. H. Gulliver alieleza katika 1958 jinsi uhaba wa ardhi na mazao ya biashara yalivyokuwa yakibadili milki ya ardhi kwa Wanyakyusa, na Monica Wilson mwenyewe, katika kitabu chake cha 1977, For Men and Elders, alikiri kwamba vijiji vya marika vilikuwa vimekwisha kuvunjika. Vilivunjwa na thamani ya shamba: kijana mwenye kahawa au mpunga wake hakutaka tena kuiacha ardhi ya baba ili akae na wenzake.

Maneno ya mjini yaliyoingia mahali pa yale ya zamani yana historia yao, wala si historia isiyo na hatia. Serikali ya kikoloni iligawa miji kwa kanuni za ujenzi, na mgawanyo wa kanuni ukawa mgawanyo wa rangi. Watu wakauita kwa majina: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mjini Mbeya, makao makuu ya mkoa ambamo Ipinda imo, jina la Uhindini lingali likitumika. Mpango wa Dar es Salaam uliotolewa mwaka 1949 na Alexander Gibb na wenziwe uliendelea kupanga maeneo kwa wingi wa nyumba, na wingi ukaenda sambamba na rangi. Rangi ilipoondolewa katika sheria, kipimo kilibaki. Ndivyo Uswahilini, neno lililopaswa kumaanisha kwa Waswahili, lilivyokuja kumaanisha mahali pasipo mpango. Na Manzese, jina la mtaa mmoja tu, likawa tusi kwa mitaa yote iliyofanana nao.

Serikali ya uhuru ilijaribu njia kadhaa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, nalo lilianza kwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba za gharama ndogo. Ilipoonekana kwamba ubomoaji hupunguza nyumba kuliko ujenzi unavyoziongeza, ulikuja mpango wa viwanja na huduma katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya zilikuwa katika awamu ya kwanza. Sinza ilipimwa kwa viwanja vidogo kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Leo wengi wa wakazi wake si hao. Hapo neno nafuu lafichua udhaifu wake. Nafuu ni neno la mgonjwa aliyeanza kupona: hupimwa kwa hali iliyotangulia, wala halisemi kwamba amepona. Nyumba ya gharama nafuu ni nafuu kuliko ipi, na kwa nani? Mpango usiojibu maswali hayo mawili hujibiwa na soko.

Vijijini jaribio lilikuwa Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, iliyozipanga nyumba kwa mistari. E. Kezilahabi aliiingiza katika riwaya yake Gamba la Nyoka ya 1979, na fasihi ikahifadhi kilichoachwa na taarifa: kwamba watu waweza kusogezwa karibu wasikaribiane. Hilo ndilo somo lenyewe la kitenzi ukwangala.

Yarudishwe sasa maneno haya Ipinda. Mambo matatu hayana nafasi katika ujazo wala katika msongamano. La kwanza ni maji. Katika uwanda ambamo maji ya ardhini yapo karibu na uso wa nchi, na ambamo kipindupindu kimezuka mara kadhaa, umbali wa choo na kisima una maana kuliko umbali wa nyumba na nyumba. Bomba la pamoja na vyoo vilivyoinuliwa vyaweza kuufanya ukaribu kuwa salama. Bila hivyo hata nyumba zilizotawanyika hazina salama. Wapingao ukaribu kwa hoja ya afya wana haki, lakini hoja yao ni hoja ya mabomba.

La pili ni makaburi. Desturi ya Wanyakyusa ni kumzika mtu nyumbani kwake, na makaburi yaliyojengwa vema huonekana kando ya nyumba nyingi za Kyela. Kanuni za 1997 zilitaja viwanja vya ujazo mkubwa kuwa vya mita za mraba 400 hadi 800. Kiwanja kama hicho chatosha nyumba, choo na jiko. Baada ya vizazi viwili hakitoshi wafu wake. Anayekataa kiwanja kidogo huenda hakatai jirani. Huenda akataa kutengwa na wazee wake. Jambo hilo halisemeki kwa neno ujazo, na kwa kuwa halisemeki, huandikwa katika taarifa kuwa ni ukaidi wa wananchi.

La tatu ni shamba. Viwanja vipana ndivyo vinavyosifiwa, navyo ndivyo vinavyomeza mpunga. Mwenye nacho hununua ujazo mdogo akaita mazingira bora; asiye nacho hujenga kwenye majaruba na kingo za mito, kisha akaitwa mjenzi holela. Holela ni neno la mtu atendaye bila kufikiri. Aliyejenga mahali pekee alipopaweza amefikiri sana, tena huenda kuliko aliyechora ramani.

Yafuatayo ndiyo matokeo ya uhakiki huu. Msongamano liachiwe kazi yake ya kutaja madhara yaliyothibitika, yaani watu wengi kuliko vyumba na vyoo vyao, wala lisitumiwe kama jina la kila mtaa wa maskini. Ujazo libaki katika hesabu za wapimaji, lakini mbele ya wananchi litajwe kwa mita na hatua, ili mkubwa awe mkubwa na mdogo awe mdogo. Nalo ukwangala lifaa kukaribishwa katika Kiswahili cha wataalamu kama yalivyokaribishwa maneno mengine ya lugha za nchini, pamoja na sarufi yake ya kitenzi. Mpango wa makazi ukiulizwa watu wataangala wapi, na wapi watazikana, utalazimika kuacha uwanja, njia, bomba na mahali pa kaburi kabla ya kuhesabu nyumba. Mpango usioweza kujibu swali hilo haujawa mpango wa makazi, hata ukiwa na viwanja elfu.