Kuisifu Elimu ya Jukwaa

Wapo watu, na miongoni mwao wamo wenye elimu na heshima zao, wanaodhani ya kuwa kuigiza ni kipawa tu ambacho mja huzaliwa nacho, na ya kwamba kumpeleka kijana chuo kikuu akasomee sanaa za maonyesho ni kuitupa mali ya mzazi. Nami naikataa dhana hiyo kwa moyo wangu wote, kwani mtazamaji aketiye ukumbini huzipokea saa mbili za onyesho wala haioni miezi ya mazoezi na mabishano iliyozitangulia, na kazi isiyoonekana hudharaulika upesi.

Ilipofunguliwa idara ya sanaa hizi chuoni Mlimani, Dar es Salaam, mwaka 1967, mchezo wa jukwaani uliokuwa ukihesabiwa kuwa ni elimu ulikuwa ule wa Kiingereza uliotoka mashuleni na vilabuni mwa wakoloni, ilhali ngoma, majigambo na utambaji wa hadithi viliachwa uani kana kwamba havina hikima ndani yake. Waliokuja kuigeuza hali hiyo walikuwa watunzi na walimu kwa pamoja: Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, Penina Muhando, ambaye tamthilia yake ya Hatia ilitoka mwaka 1972, na Amandina Lihamba, mwigizaji na mwelekezi mahiri. Hawa waliandika usiku na kufundisha mchana, na aliyesoma kwao alisoma kwa watu waliokwisha kusimama mbele ya hadhira.

Hebu tuitazame Kinjeketile, tamthilia ya Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Mtu aingia mtoni, watu wamkatia tamaa, na siku ya pili yake aibuka mkavu, akiwa na habari ya maji yatakayowalinda wapiganaji na risasi za Wadachi. Jukwaani hapana mto wala tone la maji. Pana mbao, taa, ngoma na mwili wa mwanafunzi mmoja. Ni wajibu wake kuyafanya magoti yake yajue uzito wa mkondo, na kuipanga pumzi yake hata aliyekaa safu ya nyuma kabisa aone kwamba huyu ametoka mahali ambapo binadamu hapumui. Na mwenye taa, naye mwanafunzi, hana budi kuzijua hatua hizo kama azijuavyo mwenye kuzipiga, kwa maana mwanga ukitangulia kidogo tu muujiza huharibika. Tena haitoshi. Lazima mwigizaji asome kwa nini Wamatumbi walichoka kulimishwa pamba mwaka 1905, kisha akumbuke onyo la mtunzi mwenyewe kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha fikira zake, si yule wa tarihi, na hapo ndipo aweze kutamka neno moja, maji, kwa sauti yenye yakini na shaka ndani yake. Sijui kipawa gani cha kuzaliwa nacho kimfikishacho mtu hapo bila mwalimu.

Na nikiulizwa ni nani ninayemstahi zaidi katika kundi zima, sitamtaja mwigizaji. Nitamtaja msimamizi wa jukwaa, ambaye daftari lake lina kila maingilio na kila matokeo, na ambaye wote wakipigiwa makofi yeye yu gizani akihakikisha mikuki imerudi mahali pake. Karibu naye namweka mshona maleba, ambaye hana budi kujua ni nani aliyevaa kaniki na ni nani aliyevaa merikani katika zama zile, na kuyashona mavazi hayo hivi kwamba mwigizaji aweze kuyavua gizani pasipo kutafuta vishikizo. Ufundi huu hufunzwa, husahihishwa na hutahiniwa, na idili uitakayo haipungui ile ya fani nyingine yoyote ya chuo.

Elimu hii haikufungiwa Mlimani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wake walikwenda Malya, wilayani Kwimba, wakakaa na wanakijiji, na kwa ngoma na michezo ya wenyeji wenyewe yakazungumzwa hadharani mambo ya mimba za wasichana, ambayo kwa hotuba peke yake yangeishia katika kuinamisha vichwa.

Basi, ewe mzazi ambaye mwanao amekujia na ombi la kusomea sanaa za maonyesho, usimjibu kwa haraka. Nenda kwanza ukatazame onyesho la wanafunzi, na likiisha uombe ruhusa upite nyuma ya pazia, uwaone wanaokunja maleba na kuhesabu zana, uwaulize kazi yao wameisomaje. Kisha urudi nyumbani ukampe mwanao jibu lake.