Kazi ya Kumpumulia Mtoto

Mtoto mchanga wa kilo tatu ana takriban mililita 250 za damu mwilini, haijazi hata chupa ya soda. Damu hiyo kidogo ndiyo wahudumu wa ekmo, mashine inayofanya kazi ya mapafu nje ya mwili, wanayoitoa nje, wakaitia oksijeni na kuirudisha, usiku na mchana, kwa siku kadhaa na pengine wiki. Naiheshimu sana kazi hii, na ninavyoijua zaidi ndivyo ninavyozidi kumtazama mtu kuliko mashine.

Daktari wa upasuaji hupasua upande wa kulia wa shingo na kuingiza mrija kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Moyo nao ukiwa umelemewa, mrija wa pili huingizwa kwenye ateri iliyo jirani. Pampu huvuta damu iliyopungukiwa na oksijeni, ikaipitisha kwenye pafu bandia lenye tando nyembamba. Hapo damu huacha hewa ukaa, hupokea oksijeni, na kutoka ikiwa nyekundu ya kung'aa. Kwa kichanga, pampu husukuma karibu mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, kiasi kinachozidi damu yake yote.

Kando ya kitanda hukaa muuguzi au mtaalamu aliyefunzwa kazi hii. Humulika pafu bandia na viungio vya mirija kwa tochi, akitafuta mabonge ya damu. Hupima kasi ya damu kuganda, mara nyingi kila saa, kisha hurekebisha heparini, dawa inayozuia damu kuganda. Dawa hiyo ikizidi, damu yaweza kuvujia kwenye ubongo. Ikipungua, mirija yaweza kuziba. Mrija ukianza kutikisika, hakimbilii kuongeza mwendo wa pampu. Hutafuta kwanza chanzo: je, mtoto amepungukiwa na damu au maji? Je, mrija umejikunja, au umesogea alipogeuzwa?

Uangalifu wote huo hauponyi ugonjwa. Unayapa mapafu nafasi ya kupumzika, badala ya kuyasukumia hewa kwa nguvu inayoyaumiza. Mwaka 1975, huko California, daktari Robert Bartlett na wenzake waliunganisha kwenye mashine hiyo mtoto mchanga aliyevuta kinyesi chake cha kwanza mapafuni. Alipona, akakua. Baadaye Uingereza ilifanya utafiti wa vichanga 185 na kuuchapisha mwaka 1996: kati ya 93 waliopangiwa ekmo walikufa 30; kati ya 92 waliotibiwa kwa njia ya kawaida walikufa 54.

Sehemu ninayoistahi kuliko zote ni ya kumwachisha mtoto mashine. Mwendo wa pampu hupunguzwa kidogo kidogo, huku macho yakiwa kwenye shinikizo la damu, oksijeni na mapigo ya moyo. Mwili ukishindwa, mwendo hurudishwa juu, na jaribio husubiri siku nyingine. Hakuna aibu katika kurudi nyuma.

Wapo pia watoto ambao mapafu au moyo wao hautarudi. Hapo pampu yaweza kuendelea kuzunguka, lakini muda inaoununua hauna tena cha kusubiri. Kuketi na wazazi na kuwaambia hivyo waziwazi, bila kujificha nyuma ya mashine, ni sehemu ya ufundi uleule unaopima damu kila saa. Anayeukwepa ukweli huo bado hajaijua kazi yake.